Nilisema Mashoto Hana Mbele

Siku ninayoikumbuka zaidi katika miaka yangu ya Doha, mwanangu, ni Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, kabla jua halijashika ukali wake. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kambi yetu huko Industrial Area, glovu mkononi na kinga ya chuma usoni, nikidaka mpira wa kijana mmoja wa Uganda. Waliosimama pembeni walikuwa wanamcheka. Mimi sikumcheka, na ndiyo sababu kosa langu ni kubwa kuliko lao.

Umeniambia kwamba kazini wamekupa jukumu la kuchagua watu, nani apande na nani abaki alipo, na nimeona ulivyofurahi. Furahi. Lakini keti kidogo nikusimulie, kwa maana na mimi niliwahi kupewa kazi kama hiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Utasema huo si ujana tena. Ngoja ufike hapa nilipo.

Miaka ile Doha ilikuwa inajiandaa kwa michezo mikubwa ya Asia, na barabara zilikuwa zinachimbwa kila upande. Kampuni yetu ilikuwa ya barabara. Wengi wetu tuliotoka Kenya na Uganda tulishinda juani, tukichimba, tukimwaga lami, tukipanga mawe ya kingo. Mimi mwenyewe nilianzia huko. Nilipanga mawe miezi minane mpaka ngozi ya shingo yangu ikawa kama ya mamba. Kisha siku moja nikatolewa juani nikawekwa stoo, chini ya feni, kazi yangu kugawa glovu na koleo. Sababu ilikuwa moja tu: nilijua kudaka mpira wa besiboli.

Mchezo huo nilijifunza shuleni Meru, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekaa kwetu miaka miwili. Wewe huujui, basi nikueleze kwa ufupi. Mrushaji husimama katikati. Humrushia mpira mdakaji aliyechuchumaa mbele yake, na kando ya mdakaji husimama mpigaji mwenye gongo. Kazi ya mrushaji ni kuupitisha mpira bila mpigaji kuupiga vizuri. Ni hayo tu. Mengine yote ni mapambo. Lau ningeyakumbuka maneno haya ninayokuambia sasa, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Mhandisi mkuu wa mradi wetu alikuwa Mkorea, Bwana Han, mtu mkimya aliyeupenda mchezo huo kuliko chakula. Ijumaa, siku ya mapumziko, timu za makampuni zilicheza, na yeye alitaka timu yake ishinde. Waliomchezea aliwapa kazi za kivulini: stoo, getini, karakana. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini kambi nzima ilijua. Kwa hiyo, mwanangu, uwanjani pale palikuwa na jambo zaidi ya mchezo. Palikuwa na jua na kivuli, na mimi nilikuwa tayari kivulini. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa nimeijua njaa yenyewe, nikaisahau kwa miezi michache ya feni.

Mwaka ule mrushaji wetu, Rodel, Mfilipino wa karakana, aliumia bega, akabaki wa kupiga tu, si wa kurusha. Bwana Han akatangaza kwamba anatafuta mwingine kabla ya mechi za mwezi wa nne. Wakajitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Kibet, kijana mrefu wa Nakuru, mlinzi wa geti. Alikuwa na mkono wa kulia wenye nguvu kama springi ya lori. Wa pili alikuwa yule kijana wa Uganda, jina lake Kato.

Kato alikuwa pacha wa pili kuzaliwa, na kwao pacha wa pili wa kiume huitwa hivyo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mfupi, mabega mapana, maneno machache. Baba yake alikuwa askari, naye alikulia kambini Jinja, basi Kiswahili chake kilikuwa cha kijeshi, kifupi, hakina sukari. Alikuwa kwenye kikosi cha mawe ya kingo, kile kile nilichokiacha. Tena alikuwa mashoto. Alishika kijiko kwa kushoto, nyundo kwa kushoto, na mpira vivyo hivyo.

Siku ya kwanza alipokuja nimjaribu, aliniambia, "Kaka, wewe weka glovu. Mimi naleta."

Nikaweka glovu magotini. Mpira ukaja taratibu, kama barua ya posta, ukatua ndani. Nikaisogeza nje kidogo. Ukatua ndani. Nikaiweka juu, nikaiweka chini, kushoto, kulia. Sikuhitaji kunyoosha mkono hata mara moja. Alikuwa na mpira mwingine uliotoka mkononi kwa mwendo ule ule wa bega, lakini ukafika umechelewa, kama mtu aliyesimama njiani kusalimia jirani. Na mwingine ulipinda mwishoni, hatua mbili kabla ya kufika. Viganja vyangu vilijua mara moja nimedaka nini. Lakini kwa macho ya waliosimama pembeni ulikuwa mpira wa kumrushia mtoto, nao wakacheka.

Kwa majuma matatu nilimdaka kila jioni baada ya basi la kampuni kumrudisha kambini, akiwa na vumbi la saruji kwenye kope. Hakuwahi kulalamika. Mara moja tu, akifungua kamba za viatu, aliniambia, "Huko kwenye mawe, kaka, mwezi wa tano sijui kama nitauweza. Mwaka jana niliona nyota mchana." Nikamwambia Mungu ni mwema. Ni jambo rahisi kusema ukiwa umeshinda chini ya feni.

Ndipo ikafika ile Ijumaa ya majaribio. Bwana Han alikuja na kifaa chake cha kupimia kasi, mfano wa kile wanachoshika askari wa barabarani. Akasimama nyuma yangu. Akaamuru wapigaji wetu kumi na wawili wasimame mmoja mmoja mbele ya kila mrushaji.

Alianza Kibet. Mpira wake ulipiga glovu yangu kwa kishindo hata kidole gumba kikafa ganzi. Bwana Han akatazama namba, akatoa sauti ndogo ya kuridhika. Wanne walipewa njia bure, yaani waliruhusiwa kusonga mbele bila kupiga, kwa sababu Kibet alirusha mbali na wanapotakiwa kupigia, na mmoja alimpiga mbavuni, lakini kishindo kile kilikuwa kitamu masikioni.

Akafuata Kato. Namba ilipotokea, Bwana Han alikitikisa kile kifaa akidhani kimeharibika. Watu wakacheka. Kato hakutazama nyuma. Akawarushia wale kumi na wawili, na mmoja baada ya mwingine wakazungusha gongo mapema mno, au wakachelewa, au wakaugusa mpira ukaviringika kama chungwa lililodondoka sokoni. Wawili tu waliupiga ukapita, nao haukwenda mbali. Hata Rodel mwenyewe, mpigaji wetu hodari, alizungusha gongo mara tatu hewani, akarudi akitikisa kichwa.

Kesho yake Bwana Han alikuja stoo. Alisimama penye meza yangu, tukazungumza kwa kile Kiingereza chetu cha kambini.

"Wewe ndiye mdakaji," akasema. "Nimwamini nani?"

Hapo ndipo pa kosa langu, mwanangu, na nataka ulitazame kwa karibu, kwa maana halikuwa kosa la kutojua. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeona alivyokitikisa kile kifaa. Niliwaza kwamba nikimtetea huyu wa mpira wa polepole, kisha apigwe vibaya mbele ya makampuni mengine, nitaonekana mjinga, na mjinga haketi chini ya feni. Tena nilikumbuka maneno ya mwalimu wangu, kwamba mashoto asiye na kasi ana njia nyembamba sana, akikosea kwa upana wa kidole anapigwa, na wengi wao hawafiki mbali. Nikajificha nyuma ya maneno hayo, japokuwa yalikuwa ya kweli. Ukweli nao unaweza kuwa kichaka cha mwoga.

Nikasema, "Mchukue mrefu. Mashoto hana mbele."

Bwana Han aliinamisha kichwa, akaenda zake. Maneno matano hayo hayakunichukua hata muda wa kumeza mate.

Jioni Kato akaja kuniuliza. Alisimama mlangoni pa chumba chetu, kofia mkononi. "Umesema nini kwa mkubwa, kaka?"

Nikamwambia, "Nilikutetea sana. Wamekataa. Ni ile mashine."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Asante, kaka," akaondoka. Hakuja tena kurusha. Nilimwita Ijumaa iliyofuata, akasema amechoka.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa Malindi, Mzee Salim, dereva wa familia moja huko Muaither. Alikuwa ameishi Ghuba tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na asubuhi za Ijumaa, kabla ya sala, alipenda kuja kutusalimia sisi wa Afrika Mashariki na kututazama tukicheza mchezo ambao, alisema, hauna kichwa wala miguu. Majuma mawili baada ya majaribio alinialika kwake. Alikaa chumba kidogo cha dereva kando ya geti la tajiri wake. Aliniwekea mahamri aliyoyakaanga mwenyewe na chai ya maziwa yenye iliki.

"Yule mashoto yuko wapi?" akauliza. "Sikumwona leo."

Nikamweleza. Nikasema mpira wake hauna kasi, na mashine imethibitisha.

Akanimiminia chai. "Mimi mchezo wenu siujui. Niambie tu, siku ile ya kujaribiwa, wale waliosimama mbele yake na magongo, wangapi walimpiga?"

"Wawili."

"Katika wangapi?"

"Kumi na wawili."

Alilitazama hamri lake kana kwamba lina maandishi. "Na mkono wako ulikwambiaje? Maana wewe ndiye uliyekuwa ukiupokea ule mpira. Mashine haikuupokea."

Niliona haya, na mtu mwenye haya huwa mwingi wa maneno. Nikaanza kumweleza kuwa warushaji wa namna ile wengi hawafiki mbali, kwamba wakikutana na wapigaji wakubwa mambo huwaharibikia.

"Mbali wapi?" akauliza.

"Ligi kubwa. Amerika. Korea."

"Kwani Bwana Han alikuwa akimtafutia timu ya Amerika?"

Nikachukua kikombe changu nikanywa chai.

"Mutuma, kijana wangu," akasema, na hakupandisha sauti, "ulitumwa uonje mchuzi, ukarudi na habari za sufuria. Tena ulijua utamu wake, ukaumeza. Nenda kesho ukaseme uliyoyaona. Neno likishatoka halirudi, lakini laweza kufuatwa na jingine. Na usichelewe, kwa sababu yule kijana yuko juani wakati wewe unafikiri."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Umelisikia hili tangu utotoni hata limekuwa kama kelele za mvua. Mimi nalijua kwa jina na sura.

Kesho yake Bwana Han alikuwa amesafiri kwao. Nikasema nitangoja arudi. Aliporudi, nikasema nitangoja kwanza mechi ya kwanza. Ikaja mechi, na Kibet akarusha mipira ovyo, akawapa wapinzani njia bure mpaka aibu ikatushika sote. Baada ya mchezo Bwana Han alinikaribia. Alinitazama tu, kama mtu anayekupa nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwanangu. Ningesema, "Nilikosea, tumjaribu Kato." Badala yake nikasema, "Atazoea." Unaona jinsi kosa moja linavyohitaji jingine la kulishika mkono? Majuma yakapita. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mara nyingine tumbo linaloumia si la anayengoja.

Katikati ya mwezi wa tano, saa nne na nusu asubuhi, msimamizi wa kikosi cha mawe, Mnepali mmoja mpole, alikuja stoo anakimbia. Aliomba barafu. Tulikuwa na jokofu la barafu kwa ajili ya maji ya kunywa. Nikamjazia ndoo, nikaandika kwenye karatasi ndoo moja ya barafu, nikampa asaini. Sikumuuliza ni ya nini. Alipokwisha kutoka ndipo mmoja wa watu wa stoo aliniambia, "Ni ya yule Mganda wenu. Ameanguka."

Nilitoka nje mbio, lakini gari lilikuwa limekwisha kwenda.

Kato hakufa siku ile. Alilazwa majuma matatu. Figo zake ziliharibika, wakasema ni joto, na ni siku nyingi za kukosa maji ya kutosha. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelala. Mara ya pili alifumbua macho akasema, "Umekuja, kaka," nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikimmenyea chungwa ambalo hakuruhusiwa kula. Nilikuwa nimekusudia kumwambia ukweli. Nikazungumza habari za hali ya hewa.

Mwezi wa sita kampuni ikamrudisha kwao. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari dogo. Lilikuwa jepesi sana kwa mtu aliyefanya kazi miaka miwili.

Nilipomwona Mzee Salim tena, aliniuliza kitu kimoja, "Ulisema?" Nikajibu hapana. Aliitazama ile barabara mpya ya Muaither, magari yakipita juu ya mawe ya kingo yaliyopangwa na watu kama Kato, akasema, "Basi hilo ni lako. Utalibeba." Hakunifariji, na mpaka leo namshukuru kwa kutonifariji.

Usidhani niliongoka mara moja. Mwaka uliofuata alikuja Mfilipino mmoja, Arnel, naye mashoto, naye mpira wake wa taratibu. Bwana Han aliponiuliza, nilimsifu kabla hata sijamdaka mara tano. Nilisema mchukue, mchukue bila shaka. Wakampiga, mwanangu, wakampiga uwanja mzima, mpaka akakaa chini akafunika uso kwa glovu. Mpira wake ulikuwa wa polepole kama wa Kato, lakini haukwenda alikouelekeza. Mikono yangu ilikuwa imeniambia, na kwa mara ya pili sikuisikiliza, safari hii kwa sababu ya majuto. Nilimhukumu Arnel nikimtazama Kato. Hofu ni mizani mbovu, na majuto nayo ni mizani mbovu. Hili lilinichukua miaka kulielewa.

Nilirudi nyumbani Kenya mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Sikumaliza hata mwezi, nikapanda basi la kwenda Jinja. Namba ya simu nilikuwa nimeipata kwa Waganda wa kambini. Dada yake pacha, Babirye, fundi wa nguo, alinipokea stendi. Njiani alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kaka yake hupelekwa Kampala kusafishwa damu, na siku nyingine nguvu za safari hazipo.

Nilimkuta amekaa barazani, shuka miguuni. Yale mabega mapana yalikuwa yamekwisha, lakini alinijua mara moja. Babirye akatuletea chai akatuacha.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu safari nzima. Nikasema, "Kato, siku ile nilikuambia nilikutetea. Nilikudanganya."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Juma lile lile. Nilienda kwa mkubwa kumuuliza nirekebishe nini. Akasema mdakaji amesema sina mbele."

Nilishindwa kumtazama. "Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, kaka?" Alivuta pumzi. Kuzungumza kulikuwa kazi kwake. "Mashine ikisema, sawa, ile ni mashine. Lakini wewe ulinidaka. Nikafikiri, huyu ameona kitu mimi sikioni. Nilikuamini. Ndiyo nikaacha kurusha."

Unasikia hilo? Miaka minane nilikuwa nimebeba wazo kwamba nilimnyima kivuli. Sikujua kwamba nilikuwa nimemnyima na nafsi yake. Hakuwa amenichukia. Alikuwa ameniamini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Chuki ningeweza kuiomba msamaha.

Baadaye akauliza, "Basi niambie leo. Nilikuwa mzuri ama sikuwa?"

"Ulikuwa mzuri," nikasema. "Kwa uwanja ule na kwa watu wale, hakuna aliyekuzidi."

"Na mahali pengine? Kwa wakubwa?"

Ningeweza kumdanganya tena, kwa huruma safari hii. Nikasema, "Sijui. Pengine wangekupiga. Wengi wa aina yako hupigwa. Kwa kweli sijui."

Akatikisa kichwa polepole, na nadhani alitabasamu. "Hiyo ndiyo ripoti," akasema. "Ungempa mkubwa hiyo hiyo."

Nilikaa naye mpaka jioni. Mwaka uliofuata Babirye alinipigia simu kuniambia wamemzika, na kwamba kaka yake alikuwa amemsimulia habari za siku ile alipomfanya Rodel azungushe gongo hewani mara tatu. Alikuwa na furaha akisimulia, akasema. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka mke wangu akaja kuniuliza kuna nini.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalotaka uchukue. Ukiketishwa kuwapima watu, uliza kwanza wanapimiwa nini, na ukilijua hilo, lishike, usikubali kelele ya pembeni ikuondolee. Kishindo si kazi. Kuna watu ambao uhodari wao hauna sauti, hauonekani kwenye namba ya kwanza, na watu wa namna hiyo hupata nafasi moja tu, kwa hiyo ukiwakosea hawarudi mlangoni kukukumbusha. Sikuambii kila wa polepole ni hodari. Arnel hakuwa. Wengi wao kweli hawafiki mbali, na utakapoulizwa juu ya mbali, sema hivyo bila kuficha. Lakini ukiulizwa juu ya hapa na leo, jibu ya hapa na leo. Sema ulichokidaka kwa mkono wako, na penye usichokijua, sema hujui. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi ukishajikwaa, nenda ukaseme siku ile ile, usingoje mkuu arudi safari. Na yule uliyemkataa, mwambie wewe mwenyewe ukweli wa kwa nini, kwa sababu atayatumia maneno yako kujipimia miaka yote utakayokuwa umemsahau.

Mungu akupe macho ya kuona kazi ya mtu kabla ya kishindo chake. Akupe kinywa kisichoogopa kiti chako. Kivuli utakachokalia, kiwe kipana cha kutosha wewe na mwingine, na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe miguu myepesi ya kurudi kabla jua halijapanda. Nenda, mwanangu. Kazi njema.